Axivity AX3 kwa mtafiti wa usingizi wa Dodoma: kinunuliwe au kiachwe?

Mtu anayeanza kazi ya utafiti wa usingizi na afya akiwa Dodoma hukutana mapema na swali la fedha: anunue nini kwanza? Maabara ya usingizi yenye vitanda, nyaya za kichwani na mtaalamu wa kukesha na mgonjwa haiingii kwenye bajeti ya shahada ya uzamili, na mara nyingi haiingii hata kwenye ya uzamivu. Kinachoingia ni kifaa kidogo cha kuvaa mkononi kinachorekodi mwendo wa mkono usiku na mchana kwa siku kadhaa, njia inayoitwa aktigrafia. Vifaa hivyo viko vya aina nyingi. Hapa tunakipima kimoja, AX3 cha kampuni ya Axivity ya Newcastle, Uingereza, kwa macho ya mtu atakayekipeleka Chamwino, Bahi, Kongwa au Kondoa na kukirudisha na data inayotumika.

Hukumu yetu tunaitanguliza. Kwa utafiti wa makundi ya watu, kinunuliwe. Kwa anayetaka kujua kwa nini mzee wa nyumba anakoroma, kiachwe, na sababu zake ziko mbele.

Kilivyo

AX3 ni kidubwasha cha plastiki ngumu chenye uzito wa gramu 11, urefu wa milimita 32.5, upana wa 23 na unene wa 7.6. Huchomekwa kwenye mkanda wa silikoni. Hakina skrini wala kitufe. Ndani yake mna kipima mwendo cha pande tatu, kumbukumbu ya MB 512, saa, kipimajoto, kipima mwanga na betri ya kuchaji. Tundu lake ni micro-USB, lilelile la simu za zamani kidogo.

Wanaokiona mara ya kwanza hulalamikia kukosa skrini. Sisi tunaona hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa kazi ya vijijini. Mshiriki anayeamka na kusoma kwenye saa kwamba amelala saa tano tu, usiku unaofuata atajilazimisha kulala mapema, na hapo unakuwa unapima athari ya saa yako, si usingizi wake. Tena saa inayoonyesha muda ina thamani: kaka mtu ataiazima siku ya mnada, na wewe utabaki na rekodi ya mtu mwingine anayeswaga ng'ombe. Kidubwasha kisichoonyesha chochote hakiazimwi.

Sifa ya pili ni kwamba hakiamui kitu. Kinaandika mwendo ghafi, hadi mara 100 kwa sekunde na zaidi ukitaka, na kazi ya kusema hapa amelala, hapa yuko macho, unaifanya wewe baadaye kwa kanuni inayojulikana na inayoweza kuandikwa kwenye ripoti. Saa janja za madukani hufanya kinyume: zinakupa jibu na kuficha hesabu, na kampuni ikituma programu mpya katikati ya utafiti wako, washiriki wa Machi na wa Juni wanakuwa wamepimwa kwa kanuni mbili tofauti bila wewe kuambiwa. Msimamizi yeyote makini wa tasnifu atakuuliza swali hilo.

Kuna pia suala la kulinganisha. Mradi wa UK Biobank wa Uingereza uliwavalisha AX3 watu zaidi ya 100,000 kati ya 2013 na 2015, kila mmoja siku saba, kwa kasi ya 100 kwa sekunde. Mwanafunzi wa Dodoma mwenye watu 40 akifuata mpangilio uleule, data yake inaweza kuwekwa kando ya ile na mhakiki wa jarida akaelewa bila maelezo marefu.

Kipima mwanga kimo, lakini usikitegemee kwa hesabu za mwanga wa jioni. Kwa kazi hiyo kuna vifaa vingine. Kipimajoto kinasaidia kujua kama kifaa kilivuliwa, ila kwa msimu. Usiku wa Juni au Julai Dodoma, kifaa kilichoachwa mezani hupoa upesi na tofauti inaonekana wazi kwenye grafu. Mchana wa Oktoba, ndani ya nyumba ya bati, joto la chumba hukaribia joto la ngozi na kipimajoto kinakudanganya. Wakati huo tegemea mwendo: kifaa kilichovuliwa kinatulia kabisa, wakati mkono wa aliyelala bado hutikisika kidogo.

Kukiandaa kabla ya kwenda kijijini

Programu yake inaitwa OMGUI, ni ya bure, na inatumia Windows. Kabla ya kuchomeka kifaa cha kwanza, linganisha saa ya kompyuta na saa ya simu iliyo kwenye mtandao. Kifaa kinachukua muda kutoka kwenye kompyuta hiyo. Kompyuta ikiwa nyuma dakika 12, vifaa vyote kumi vitakuwa nyuma dakika 12. Angalia pia ukanda wa saa. Kompyuta mpakato zinazoletwa na washirika kutoka Ulaya huja na saa za kwao, ambazo husogezwa mbele Machi na kurudishwa nyuma Oktoba. Tanzania haisogezi saa. Mradi unaovuka mojawapo ya tarehe hizo unaweza kuishia na washiriki wa nusu ya kwanza wanaolala saa moja tofauti na wa nusu ya pili, na ukaandika sura nzima ya matokeo juu ya kosa la kompyuta.

Kisha chomeka. Kisipoonekana kwenye orodha, usikimbilie kusema kimekufa. Nyaya nyingi za micro-USB zinazouzwa mitaani ni za chaji tu, hazina njia ya data ndani. Jaribu waya huo kwa kuhamisha picha kutoka simu ya zamani. Picha isipohama, tupa waya. Nunua nyaya za data tano au sita, uziwekee alama ya rangi, na usimpe mtu kuchajia simu.

Kikionekana, angalia asilimia ya betri. Usikiandae kilicho chini ya 85. Futa rekodi ya zamani, lakini baada ya kuhakikisha nakala yake inafunguka, si kwamba ipo tu. Weka namba ya mshiriki (namba, kamwe si jina), kasi ya 100 au 50 kwa sekunde, na kipimo cha 8 g (g hapa ni mvutano wa dunia, si gramu). Kwa kasi ya 100, wiki moja ya mtu mmoja ni kama MB 260. Kwa 50 ni nusu yake. Watu 40 kwa 100 ni kama GB 10, kiasi kinachobebeka kwenye flashi ya kawaida, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana kasi kwa ajili ya nafasi. Sababu ya kubana ni betri. Kifaa kipya hufika wiki mbili kwa 100. Kilichotumika miaka miwili mitatu usikipangie zaidi ya siku nane au tisa.

Ondoa alama kwenye chaguo la taa kuwaka wakati wa kurekodi. Hili ni dogo kwenye skrini na kubwa kijijini. Kitu kinachomulikamulika gizani kwenye mkono wa mtu aliyevalishwa na wageni kutoka chuo kitazaa maneno kabla ya siku ya tatu: kinarekodi sauti, kinavuta damu, ni mambo ya freemason. Kwenye mkutano wa kijiji chukua kifaa kimoja, kitoe kwenye mkanda, kipitishe mkono kwa mkono, kisha kichomeke kwenye kompyuta na ukitikise mbele yao waone mistari ikipanda na kushuka. Maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi, na waliokataa baada ya kuona ni haki yao.

Kuanza kurekodi panga kwa tarehe na saa, usichague kianze papo hapo kinapochomolewa. Kikianza papo hapo kinarekodi safari yako yote ya barabara ya vumbi kwenda Mvumi kama harakati za mshiriki.

Mkono upi? UK Biobank walitumia mkono unaotumika zaidi. Tafiti nyingi za usingizi hutumia usiotumika sana. Kwa mkulima tunapendekeza huo wa pili, kwa kuwa jembe na mchi huusumbua mkanda. Chagua mmoja kwa wote na uandike. Mkanda ubane kiasi cha kuruhusu kidole kidogo kupita. Ukilegea, kifaa kinacheza chenyewe na kila kujigeuza kunakuwa tetemeko. Ukibana, jasho na vumbi vinatengeneza vipele. Waambie wavue dakika chache kila jioni wakati wa kuoga, waoshe mkanda kwa maji na sabuni ya kipande, wakaushe, wavae tena. Kifaa chenyewe kinahimili maji ya kuoga na kufua. Adui wake ni kuchajiwa kikiwa na unyevunyevu: chumvi ya jasho iliyobaki kwenye tundu ikikutana na umeme inakula vidole vya shaba ndani. Kikirudi kutoka kijijini, kifute, kipulize vumbi, kiache kikauke kutwa nzima, ndipo uchomeke.

Saa ya Kiswahili ndani ya shajara

Hakuna aktigrafia bila shajara ya usingizi, yaani karatasi au simu ya kila asubuhi inayouliza alipanda kitandani saa ngapi, aliamka saa ngapi, alivua kifaa lini. Hapa ndipo tafiti za kwetu huharibika, na kampuni haiwezi kukusaidia kwa lolote.

Mshiriki atasema amelala saa tatu. Kompyuta inataka 21:00. Mdadisi aliyechoka ataandika 03:00, na mwingine aliyejifunza kwa kishikwambi ataandika 15:00 kwa kujumlisha pasipohitajika. Usimwachie mdadisi kazi ya kugeuza. Fomu iandike kama mtu alivyosema, na kipindi chake: saa tatu usiku, saa kumi na moja alfajiri. Ugeuzaji ufanyike ofisini, mara moja, kwa kanuni moja. Saa 1 hadi 5 usiku, jumlisha 18. Saa 6 usiku ni 00:00. Saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6. Saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, jumlisha 6. Saa tano kasorobo usiku inakuwa 22:45, na saa kumi na moja na nusu alfajiri inakuwa 05:30. Sehemu inayovuruga ni saa sita na saa saba usiku, maana hapo tarehe inabadilika.

Kwa tarehe, usiulize habari za "Jumatano usiku". Wengine watakupa usiku wa kuamkia Jumatano, wengine wa kuamkia Alhamisi. Uliza "usiku wa kuamkia leo" na umpigie au umtembelee kila asubuhi. Shajara iliyojazwa siku ya saba kwa mkupuo, kwa kalamu moja na mwandiko uleule usiopinda, haifai kitu. Ni afadhali usiwe nayo, kwa sababu itaipotosha programu badala ya kuiacha ijitafutie.

Kwa asiye na saa nyumbani, tumia alama za kijiji: taarifa ya habari ya saa mbili redioni, adhana ya alfajiri, ng'ombe kutolewa zizini. Adhana na redio zina muda unaoweza kuthibitishwa. Jogoo hana.

Kalenda nayo ina neno. Wiki moja ya Ramadhani Kondoa, watu wanapoamka kula daku, haiwezi kuchanganywa na wiki ya Shaaban ikaitwa wastani. Makesha ya makanisani hufuta usiku mzima kwa sehemu ya kundi lako. Kwa wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), wiki za mitihani ni utafiti mwingine kabisa. Msimu wa kilimo, kuanzia mvua za Desemba, watu huamka mapema kuliko Agosti. Yote haya yanaweza kuchunguzwa, mradi uyaandike kwenye safu yake ya fomu kabla ya kuanza.

Kupata usingizi kutoka kwenye mistari

Faili la CWA linalotoka kwenye kifaa halisomeki kwa macho. Linachakatwa na GGIR, kifurushi cha bure kinachotumia lugha ya kompyuta iitwayo R, kilichoanzishwa na Vincent van Hees. Kiandikie ukanda wa saa waziwazi, "Africa/Dar_es_Salaam". Ukiuacha wazi kitafuata saa ya kompyuta, na kompyuta hiyo huenda ndiyo ile iliyotoka Ulaya. Shajara huingizwa kama faili la CSV: safu ya kwanza namba ya mshiriki, kisha saa ya kulala na ya kuamka kwa kila usiku, katika mfumo wa saa 24.

Msingi wa hesabu yake unaeleweka hata na asiye mtaalamu wa takwimu. Kama pembe ya mkono haijabadilika kwa zaidi ya nyuzi 5 kwa muda wa dakika 5 au zaidi, kipindi hicho huhesabiwa kama utulivu. Utulivu ulio ndani ya muda wa kitandani huitwa usingizi. Usipokuwa na shajara, kuna kanuni ya 2018 inayotafuta yenyewe kipindi kirefu cha utulivu na kukichukua kama usiku.

Ukijua hivyo, unajua itakapokosea. Anayelala chali macho wazi akiwaza ada ya shule, mkono wake umetulia, atahesabiwa amelala. Ndiyo maana kifaa hiki huwapa watu wenye tatizo la kukosa usingizi saa nyingi kuliko wanazolala kweli. Mtoto aliyelala mgongoni kwa mama anayetwanga atahesabiwa yuko macho. Watoto watatu kwenye kitanda kimoja cha kamba hutikisana, na mwenye kifaa hubeba misukosuko ya wenzake. Abiria aliyelala fofofo ndani ya basi la usiku hana usingizi hata dakika moja kwa mujibu wa kifaa, na mjumbe aliyekaa kimya kwenye kikao cha saa tatu anaweza kupewa usingizi wa mchana (wakati mwingine, kusema kweli, kifaa kinakuwa hakijakosea).

Walinzi wa usiku na madereva wa bodaboda, ambao ni kundi zuri sana la kuchunguza katika mji unaokua kama Dodoma, wanahitaji uangalifu wa ziada. GGIR kwa kawaida hutazama siku kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, na anayeamka baada ya adhuhuri humhamishia kwenye dirisha la saa 12 jioni hadi saa 12 jioni. Hilo linatosha kwa aliyelala mfululizo. Kwa mlinzi anayelala saa tatu asubuhi, akaamka kula, akarudi kulala alasiri, itamchukulia kipande kirefu na kukiacha kingine. Kwa kundi hilo shajara si nyongeza. Ndiyo kipimo, na kifaa kinaithibitisha.

Pamoja na kifaa utatumia dodoso. PSQI, dodoso la ubora wa usingizi la 1989, ina alama 0 hadi 21, na zaidi ya 5 huashiria usingizi duni. Epworth ya 1991 ina maswali 8, alama 0 hadi 24, na zaidi ya 10 ni dalili ya kusinzia kupita kiasi mchana. Epworth ina haki miliki, omba ruhusa mapema. Tena lina swali la kusinzia ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Mpelekee swali hilo bibi wa Mpwapwa asiyepanda gari ila mara mbili kwa mwaka uone atakujibu nini. Usilifute kienyeji, kwa sababu alama zitapoteza maana. Lijaribu kwanza kwa watu wachache na uripoti wangapi walishindwa kulijibu.

Mbadala, kwa ufupi

MotionWatch 8 ya CamNtech inatumia betri ya kidonge ya kubadilisha mwenyewe, ina kitufe cha kubonyeza unapolala, na kipima mwanga chake ni cha maana. Ndiyo iliyotumika kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, katika utafiti wa 2017 wa David Samson na wenzake, akiwemo Profesa Audax Mabulla: watu wazima 33, siku 20, na katika muda wote huo dakika zilizokutwa wote wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Mahali pasipo umeme kabisa tungeichukua hiyo kabla ya AX3. Udhaifu wake kwetu ni programu ya kulipia, na kwamba huhifadhi hesabu zilizofupishwa badala ya mwendo ghafi.

GENEActiv inarekodi mwendo ghafi, joto na mwanga, na inaingia maji bila wasiwasi, lakini huchajiwa kwenye kitako chake maalumu. Kitako kikivunjika Kongwa, umekwama. Actiwatch, iliyotumika kwenye utafiti wa 2015 uliowalinganisha Wahadzabe, Wasan na Watsimane, Philips imeacha kuiuza. Ukiuziwa ya mtumba kwa bei ya kuvutia, jiulize programu utaipata wapi.

Kisichoweza

AX3 haioni ndoto. Hatua za usingizi, ukiwemo usingizi wa macho kuchezacheza uliotangazwa na Aserinsky na Kleitman mwaka 1953, zinahitaji nyaya za kichwani, pembeni mwa macho na kidevuni. Programu yoyote ya saa inayokuchorea hatua hizo kwa mwendo wa mkono pekee inakisia. Haioni pumzi wala oksijeni, kwa hiyo haiwezi kugundua kukatika kwa pumzi usingizini, ambako hesabu yake huanza na kusimama kwa hewa kwa sekunde 10 au zaidi, na mara 5 kwa saa ndiyo mwanzo wa ugonjwa, 15 wa kati, 30 mkali. Mtu anayekoroma, anayekabwa usiku na kusinzia kwenye usukani apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa mapafu. Kumvalisha AX3 ni kumpotezea wiki. Uweke wazi kwenye fomu ya ridhaa kwamba kifaa si kipimo cha ugonjwa, na andaa karatasi ya rufaa kwa watakaokueleza dalili hizo, maana watakueleza.

Ununuzi na hesabu

Omba proforma moja kwa moja kwa kampuni, uliza bei ya mikanda ya ziada kando, na weka usafiri na forodha kwenye bajeti kabla ya kuidhinishwa. Anayevileta kwa ndege abebe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu ya betri za lithiamu, pamoja na barua ya chuo inayotaja idadi.

Kwa watu 40, vifaa 12 vinatosha: 10 vya kuvaliwa, 2 vya akiba. Raundi nne. Kila raundi ni siku ya kugawa, usiku saba wenye Ijumaa na Jumamosi ndani yake, siku ya kukusanya, na siku mbili za kukausha, kupakua na kuchaji. Jumla ni kama wiki sita kama hakuna msiba mkubwa kijijini wala mvua ya kukata barabara. Usiku usiohesabika utakuwepo; weka kiwango chako mapema, kwa mfano angalau usiku tano wenye rekodi kamili, mmoja wa mwisho wa wiki. Ada ya kupoteza kifaa usimtoze mshiriki.

Kwa vibali, anza na kamati ya maadili ya chuo au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kulingana na aina ya mradi, na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kama kuna watafiti wa kigeni. Kisha barua zishuke: mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Anayeruka ngazi hurudishwa alikoanzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, kwa sababu rekodi ya saa ambazo mtu yuko macho nyumbani kwake ni taarifa ya faragha kuliko inavyodhaniwa. Orodha inayounganisha majina na namba ikae mbali na mafaili ya mwendo. Kama vifaa vimeazimwa kwa mshirika wa nje, andikeni kabla ya kuanza nani anamiliki data ghafi na nani anatangulia kwenye makala. Mtafiti chipukizi wa hapa hupoteza zaidi kwenye aya hiyo kuliko kwenye betri.

Mradi ukiisha, usivifungie kabatini vikiwa tupu. Betri ya aina hii ikikaa mtupu miezi kadhaa hupoteza uwezo moja kwa moja, na haibadilishwi na mtumiaji; fundi simu wa Majengo akilifungua ganda hilo hatalirudisha lizuie maji. Vijaze chaji nusu, uviweke mahali pakavu pasipopigwa na jua la bati, na andika kwenye kalenda ya ofisi mtu wa kuvichaji kila baada ya miezi miwili. Saa ya ndani hupotea betri ikiisha kabisa, kwa hiyo chochote kilichozimika kiwekewe muda upya kabla ya kuvalishwa mtu mwingine.